Askofu Asiyekuwamo: Sataranji, Ungamo na Tafsiri katika Det sjunde inseglet

Filamu ya Ingmar Bergman, Det sjunde inseglet (1957), ambayo jina lake linatokana na muhuri wa saba wa Kitabu cha Ufunuo, hukumbukwa zaidi kwa mchezo mmoja wa sataranji. Antonius Block anarejea Uswidi iliyokumbwa na tauni baada ya kupigana Vita vya Msalaba kwa miaka kumi. Anakutana na Mauti ufukweni, naye anamwalika wacheze: ataishi muda wote mchezo unapoendelea, na akishinda ataachwa huru. Makala haya yanadai kwamba fasiri moja ya mchezo huo, pamoja na mvuto wake, haina mizizi katika matini ya Kiswidi, bali imezaliwa na tafsiri ya Kiingereza.

Fasiri hiyo inategemea onyesho la kanisani. Block anaungama kwa mtu aliyejificha nyuma ya kimia, akidhani ni padri. Katika ungamo hilo anafichua mbinu yake ya ushindi: ataunganisha kete mbili ambazo mpinzani wake bado hajazigundua. Msikilizaji anageuka, na kumbe ni Mauti mwenyewe. Kwa Kiingereza, kete hizo ni bishop na knight, yaani askofu na mpiganaji wa cheo kilekile alicho nacho Block. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba Block anategemea muungano wa Kanisa na upanga wake, na kwamba muungano huo unasalitiwa ndani ya kanisa lenyewe.

Hata hivyo, kwa Kiswidi kete hizo ni löpare na springare. Ya kwanza maana yake ni mkimbiaji. Ya pili ni farasi. Cheo cha Block, riddare, hakimo katika majina hayo, wala askofu hayumo. Kete ya kwanza haina hata jina moja linalokubalika ulimwenguni: Wafaransa huiita fou, yaani chizi, na Waarabu, ambao lugha yao ndiyo iliyotupa neno sataranji, huiita fili, yaani tembo.

Huenda ikajibiwa kwamba maana hujengwa na msomaji, na kwamba manukuu ya Kiingereza nayo ni matini kamili. Hoja hiyo inakubalika kwa sharti moja: mhakiki ataje ni matini gani anayoihakiki. Anayemhusisha Bergman na ishara ya askofu anampa msanii kauli ambayo hakuitoa.

Askofu akiondolewa, linabaki jambo zito zaidi. Block hapotezi mbinu yake ubaoni. Anaipoteza katika usemi, kwa kumwambia ukweli msikilizaji mwongo. Baadaye, karibu na mwisho, mambo yanapinduka. Jof, msanii msafiri mwenye uwezo wa kuona maono, anamwona Mauti akicheza na Block, naye anatoroka na mkewe Mia na mtoto wao. Wakati huo Block anaziangusha kete kwa joho lake na kudai kwamba amesahau zilipokuwa. Mauti hakusahau, anazirudisha mahali pake, na Block anashindwa. Lakini familia imekwisha kwenda. Kwa hiyo ukweli uliosemwa kwa unyofu ulimponza msemaji, ilhali uongo uliosemwa kwa hila umewaokoa watu watatu. Mchezo huu unapima usemi kuliko unavyopima imani, na kipimo hicho hakitegemei jina la kete yoyote.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, uamuzi si mdogo. Wachezaji wetu wengi wanaijua kete ya kwanza kwa jina la askofu, nalo likitumika katika ungamo litarejesha ishara isiyokuwamo, tena mbele ya kimia cha kanisa, mahali ambapo hadhira itaipokea bila kusita. Farasi halina tatizo. Kwa hakika Kiswahili hapa kinakaribiana na Kiswidi kuliko Kiingereza kinavyokaribiana nacho. Pendekezo letu ni kwamba katika sentensi hiyo moja mfasiri aseme "kete mbili" na kuacha majina. Atapoteza usahihi mdogo wa kiufundi, lakini atahifadhi tendo lenyewe: mtu kutoa siri yake yote kwa asiyestahili kuisikia. Nasi tunaofundisha filamu za kigeni kupitia manukuu ya Kiingereza tuna wajibu wa kuuliza, kabla ya kufasiri ishara yoyote, ni lugha gani iliyoiweka pale.