Sevu ya Mtu Mwingine

Kwa miezi saba hivi, mtu wa mwisho niliyemwona kila usiku kabla ya kulala alikuwa Pete Sampras. Simu iko juu ya mto, kasi ya video nimeishusha mpaka robo, taa nimezima ili mama asijue bado niko macho. Sampras anasimama nyuma ya mstari. Ncha ya kiatu chake cha kushoto inainuka taratibu, kama mtu anayesikiliza muziki kwa mguu. Mikono inashuka pamoja, inaachana, mpira unapanda. Hapo nasimamisha. Narudisha nyuma. Nasimamisha tena.

Sikuwa naangalia kwa starehe. Nilikuwa na kinyongo. Kocha wa klabu niliyokuwa nachezea hapa Dar es Salaam alishaniambia, mbele ya watu, kwamba mwanamke hana haja ya sevu kali. “Wewe weka tu ndani, binti, halafu cheza.” Wanaume nilioanza nao, ambao hata mapigo yao ya kawaida yalikuwa ya kubahatisha, walifundishwa sevu saa nzima nzima. Mimi nikaweka ndani. Sevu yangu ikawa inavuka wavu kama mgeni anayebisha hodi huku anaomba radhi, na mpokeaji alikuwa na nafasi ya kufuta jasho, kuchagua kona, na kunimaliza.

Asiyecheza tenisi huenda asielewe kwa nini jambo hili liliniuma. Mapigo mengine yote katika mchezo huu ni majibu: mtu amekuletea mpira, nawe unamrudishia ukiwa mbioni, umepinda, umechelewa. Sevu peke yake ndiyo unayoianza mwenyewe, ukiwa umesimama, kwa wakati wako, mpira ukiwa mkononi mwako. Unapewa uwanja wenye urefu wa mita 23.77, wavu ambao katikati una kimo cha sentimita 91.4, na kisanduku ng’ambo ya pili kinachoishia mita 6.4 kutoka kwenye wavu. Kumwambia mtu “weka tu ndani” ni kumwambia kwamba sentensi pekee anayoruhusiwa kuianza mwenyewe, aianze kwa kunong’ona.

Basi nikajitafutia walimu. Niliwasoma kama tunavyowasoma waandishi, mmoja mmoja, kila mmoja na mtindo wake. Sampras, mwenye mataji 14 makubwa, alikuwa nathari safi. Kocha wake wa utotoni alikuwa akimtajia pa kuelekeza sevu wakati mpira umesharushwa juu, kwa hiyo ilimbidi ajifunze mrusho mmoja unaofaa kwa sevu zote. Serena Williams naye alikuwa na mrusho wa namna hiyo, wenye utulivu wa kutisha. Katika Wimbledon ya 2012 alipiga sevu 102 ambazo wapinzani hawakuzigusa, 24 kati ya hizo katika nusu fainali dhidi ya Victoria Azarenka. Nilizitazama za mechi ile mpaka nikajua lini angeinua nyusi. Nadhani nilikuwa nataka kumpelekea kocha wangu nambari hizo kwa barua.

Lakini niliyemwiga alikuwa Andy Roddick. Sijui kwa nini moyo ulimpenda yeye, labda kwa sababu sevu yake ilionekana fupi, na kitu kifupi tunadhani ni chepesi. Wengine huishusha raketi, huizungusha nyuma, kisha huipandisha. Roddick aliipandisha moja kwa moja mbele yake, miguu imekaribiana, halafu ukafuata mlipuko. Mwaka 2004, katika Kombe la Davis, mlipuko huo ulipimwa kilomita 249 kwa saa. Kuna pia ile fainali ya Wimbledon ya 2009 dhidi ya Roger Federer, ambayo naiona ni tamthilia kamili juu ya sevu: Roddick alishinda gemu 37 mfululizo za sevu yake, akapoteza moja tu, ya mwisho kabisa, na kwa hiyo moja akapoteza mechi, 16-14 katika seti ya tano. Federer alipiga sevu 50 zisizoguswa siku ile. Mtu mwenye sevu ya kuogopwa duniani alishindwa kwenye sevu, na aliyemshinda kwa sevu ni mtu tunayemsifia mambo mengine.

Niliiga ule ufupi wa Roddick kwa wiki sita. Wiki ya saba sikuweza kufunga sidiria kwa mkono wa kulia.

Nimelifikiria sana bega lile, na sasa naona kosa langu lilikuwa la usomaji kabla ya kuwa la mwili. Sevu nzima, tangu mpira uondoke kiganjani mpaka ugongwe, ni kama sekunde moja. Sehemu ya mwisho, raketi inapodondoka nyuma ya mgongo na kurushwa juu, ni kufumba na kufumbua. Mwendo wa polepole unakupa kila kitu isipokuwa muda, na sevu ni muda. Unapoisimamisha video unaona umbo zuri: mkono wa kushoto umenyooka mbinguni, raketi imesimama nyuma ya kichwa, magoti yamekunjwa. Makocha wengi huliita pozi la kombe, kwa kuwa linafanana na zile sanamu ndogo za juu ya makombe. Nililipenda umbo hilo. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo. Uwanjani nilikuwa nafika pale na kuganda, kama Sanamu ya Askari pale Samora, kisha kutoka kwenye mgando huo naanza kupiga, kwa bega peke yake, maana nguvu ya miguu ilishakufa zamani.

Hakuna bingwa anayefanya pozi la kombe. Wanapita tu hapo. Roddick, kwa ufupi wake wote, alikuwa anasukuma ardhi kwa miguu, nguvu inapanda kiunoni, kiwiliwili kinajipindua, na mkono unafika mwisho kabisa, umechelewa kwa makusudi. Kisha mkono wa juu unajizungusha kwa ndani kwa kasi kubwa kuliko kiungo kingine chochote katika pigo hilo. Mimi nilikopi kile kilichoonekana, nikaacha kilichokisababisha. Ni kama mwandishi chipukizi anayeiga sentensi ndefu za mwandishi mkubwa bila kuwa na jambo refu la kusema (nimeandika hadithi kama hizo, zipo, hamtaziona).

Kuna msomaji mmoja wa sevu ninayemheshimu kuliko wote, naye ni Andre Agassi. Alipoanza kukutana na Boris Becker alifungwa mara tatu za mwanzo, na sevu ya Becker ilikuwa haijibiki. Agassi amesimulia hadharani kwamba alizitazama kanda za Becker tena na tena mpaka akagundua kuwa kabla ya kurusha mpira, Becker hutoa ulimi. Ulimi ukikaa katikati ya mdomo, sevu inakuja katikati au mwilini. Ukienda pembeni, sevu inakwenda nje. Kazi ngumu baada ya hapo, kwa maelezo yake, ilikuwa kuificha siri: kutoijibu kila sevu kwa usahihi mno, Becker asije akashtuka na kuufunga mdomo. Alimwambia walipokuwa wameshastaafu, kwenye bia. Katika mechi 14 walizocheza, Agassi alishinda 10.

Tofauti yangu na Agassi si kipaji tu. Yeye alitazama ili ajibu. Mimi nilitazama ili niwe. Yeye alimwona mtu mwenye mdomo, tabia na woga. Mimi niliona umbo lisilo na mwenyewe. Wakosoaji wa fasihi tunajua aina zote mbili za usomaji, na tunajua ni ipi inayotuumiza.

Hata David Foster Wallace, ambaye kila kijana anayeandika juu ya michezo lazima ampitie, nadhani anaanguka kidogo hapa. Makala yake ya 2006 juu ya Federer ni nzuri mno, imejaa mshangao wa mtu anayeona mwili ukifanya yasiyowezekana, nami niliisoma mara tatu mfululizo. Lakini ukishaimaliza hujui ufanye nini na mkono wako. Umepiga magoti tu. Napenda zaidi insha yake ya 1991, ile ya utoto wake wa tenisi huko Illinois, ambamo anaeleza alivyokuwa mchezaji mzuri wa wastani kwa sababu aliujua upepo wa kwao kuliko wapinzani wake. Pale kuna mwili wake mwenyewe na mahali pake. Sisi wa viwanja vya kando ya bahari tunauelewa upepo.

Mtaalamu wa viungo aliniambia nisiinue raketi juu ya bega kwa miezi mitatu. Nilikuwa nimeshalipia uanachama, kwa hiyo nilikwenda tu klabuni kukaa. Viti vya kivulini vilikuwa vya wanachama waliokuwa wanasubiri uwanja, nami sikuwa nasubiri kitu, nikajikuta nyuma ya uzio pamoja na vijana wanaookota mipira. Kule nyuma hakuna mwendo wa polepole. Unaona mgongo wa mtu, visigino vyake, na unasikia.

Mmoja wa vijana hao, wa miaka kumi na tisa hivi, ana sevu bora kuliko mwanachama yeyote wa klabu ile. Anaruhusiwa kucheza Jumatatu asubuhi tu, kabla uwanja haujafagiliwa, kwa raketi ambayo mtu aliitupa. Nilimuuliza amejifunza kwa nani. Akanitajia mwanachama mmoja mzee aliyekwisha kuhama nchi.

“Alikufundisha?”

“Hapana, dada. Nilikuwa naokota nyuma yake. Hata sura yake siikumbuki vizuri.”

Nilimwonyesha Sampras kwenye simu, kwa kasi ya robo, kama tabia yangu. Akatazama kwa adabu. Kisha akauliza kama inaweza kwenda kawaida. Nilipoirudisha kwenye kasi yake akaitazama mara moja tu, akacheka. “Anasubiri,” akasema. “Mpira ukipanda, yeye anakaa. Mpira ukikaa, yeye anapanda.” Miezi saba sikuliona hilo. Goti linakunjwa wakati mpira unaelekea juu, na mtu anaruka wakati mpira unatulia kileleni. Mimi nilikuwa napanda na mpira wangu kama abiria wawili wa lifti moja.

Halafu akaniuliza kama sijawahi kutungua embe. Nimetungua, kwa bibi, Muheza, tena vizuri kuliko binamu zangu wa kiume. Hakuna aliyewahi kunifundisha. Hutazami kiwiko unapotungua embe. Mwili unatangulia, mkono unaburutwa nyuma, na jiwe likishaondoka kiganja kinabaki kimegeukia nje. Ndiyo sevu hiyo hiyo, ukishika raketi kama panga, makali yakiutangulia mpira, na uso wa raketi ukigeuka mwishoni kabisa.

Nisingependa kumfanya kijana huyu mganga wa kienyeji wa hadithi yangu. Alikuwa na shida zake, na moja ilikuwa kwamba ninyi wanachama, kwa neno lake, mnakuja saa kumi na moja mnamaliza mwanga wote. Nililipeleka suala la siku za kucheza kwa uongozi. Nikajibiwa kwamba litajadiliwa.

Wala sisemi video hazina maana. Novak Djokovic aliibadilisha sevu yake akiwa tayari bingwa, na 2010 makosa mawili yakawa yanamwandama. Aliporudi kwenye mwendo wake wa zamani, 2011 alianza mwaka kwa kushinda mechi 41 bila kufungwa. Lakini Aryna Sabalenka, ambaye mwanzoni mwa 2022 huko Adelaide sevu ilimponyoka kabisa mpaka akawa anapiga ya chini kama mtoto, alitoka shimoni kwa msaada wa mtaalamu wa mwendo wa mwili, mtu wa picha na pembe. Januari 2023 alichukua taji la Australia. Nafasi yake ya kwanza ya kumaliza fainali ile aliipoteza kwa makosa mawili. Nilipiga kelele sebuleni, mama akatoka chumbani akidhani kuna mwizi.

Nilirudi uwanjani Jumatatu moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kazi. Yule kijana alisimama upande wa pili, mgongo karibu na uzio, kama anavyompa nafasi mtu anayemheshimu sevu yake. Au labda mazoea tu. Upepo ulikuwa unatoka baharini. Nilirusha mpira ukaenda kushoto, nikauacha udondoke. Sheria inaruhusu, mradi hujaupigia raketi. Nikarusha tena, nikauacha tena. Wa tatu ulipanda mahali pake, nami nikakaa.

Ulikwenda nje, kwa kiatu kimoja hivi. Lakini alikuwa hajaufikia. Akauokota ukutani, akaniangalia, akaurudisha.

“Wa pili,” akasema.