Uthibitisho wa Pappus

Ukitaka kuhakikisha kwamba pembetatu mbili zinalingana kabisa, huna haja ya kupima pande zote na pembe zote. Mambo matatu yanatosha, mradi yawe ndiyo yenyewe: pande tatu, au pande mbili na pembe iliyo kati yake, au pembe mbili na upande mmoja unaowiana. Euclid aliyathibitisha haya huko Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo.

Hapo penye pembe pataka uangalifu. Chora mstari AB wa sentimita 8. Kwenye A pima digrii 30, uchore mstari mrefu. Kisha simamisha bikari kwenye B, uifungue sentimita 5, uzungushe. Tao litaukata ule mstari mara mbili! Pande mbili ni zilezile na pembe ni ileile, lakini umepata pembetatu mbili zisizolingana, kwa kuwa pembe haikukaa kati ya pande ulizopima. Ndiyo maana mjuzi wa kazi hii haandiki neno kabla hajatazama pembe yake imekaa wapi.

Sasa tazama pembetatu pacha, ambayo AB na AC ni sawa. Je, pembe za kitakoni, B na C, nazo ni sawa? Euclid alirefusha pande, akaongeza mistari, akalinganisha jozi mbili za pembetatu. Ni kazi safi, ila ndefu. Pappus, wa Alexandria hiyohiyo, karne ya 4 baada ya Kristo, hakuongeza hata mstari mmoja. Proclus, mfafanuzi wa kale wa kitabu cha Euclid, anatusimulia kuwa aliilinganisha pembetatu hiyo na yenyewe, ikisomwa kinyume: ABC na ACB. AB ni sawa na AC. AC ni sawa na AB. Pembe A ni ileile. Pande mbili na pembe iliyo kati. Basi zinalingana, na pembe B ni sawa na C. Kwisha.

Sijaona uthibitisho mwingine wa shuleni unaopata mengi hivi kwa machache hivi. Mwalimu, kabla hujawakaririsha wanafunzi kanuni, wachoree pembetatu hiyo moja ubaoni, kisha wape muda waitazame wenyewe.