Uhakiki wa Istilahi: "Risasi" na Kazi ya Kujaza Maganda

Miongoni mwa istilahi ambazo wafasiri wa sheria huzipitisha bila ya kuzichungua, "risasi" imo mstari wa mbele. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa jina la madini mazito ya kijivu, na maana hiyo haijatutoka: bado tunaijua "kalamu ya risasi". Kwa kuwa vidonge vya bunduki vilisubuliwa kwa madini hayo, navyo vikaitwa risasi. Zilipokuja bunduki za kisasa, kitu kizima chenye ganda, baruti na kichwa kikaitwa risasi vilevile. Na inapotajwa sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, neno lilelile linabebeshwa maana ya nne, yaani kila kitu kinachotiwa katika bunduki ili ilie.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha hizo inahesabu kitu kamili pamoja na sehemu zake: ganda, fataki, baruti na kichwa. Mfasiri akishikilia "risasi" pote, atalazimika kuandika kwamba risasi ni sehemu ya risasi.

Yafaa ieleweke kwamba jambo hili si mzaha wa wanaisimu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu. Tuchukue mtu wa Kibondo, wilaya inayofikia Pori la Akiba la Moyowosi, aliyekutwa na ganda tupu mfukoni. Hati ya mashtaka ikisema "alikutwa na risasi", kila asikiaye atapiga picha ya kitu kinachoweza kuua. Huenda ganda hilo nalo likawa kosa. Lakini ni kosa jingine, na mshtakiwa anayo haki ya kulisikia likitajwa kwa jina lake.

Ajabu ni kwamba majina hayo tunayo. Yamehifadhiwa na gobore. Mwenye gobore, awe Kasulu au pwani, hana kitu kimoja cha kukiita risasi: baruti hukaa mbali, marisau mbali, fataki mbali, na kila mlio una matayarisho yake, ambapo baruti na marisau hushindiliwa kwa mdeki. Mtu wa namna hiyo hawezi kuchanganya sehemu na kitu kizima. Aliyezichanganya ni msomi.

Nchini Marekani iko burudani ya kukusanya maganda yaliyokwisha kulia na kuyatia fataki, baruti na kichwa kipya, ili kulenga shabaha kwa gharama ndogo. Kwetu kutengeneza risasi bila ya kibali ni kosa, na kwa sababu hiyo hasa istilahi yahitajika, maana sheria haiwezi kukataza lisilo na jina. Tafsiri iliyozoeleka, "kujaza risasi upya", haifai hata kidogo. Askari aliyemaliza risasi hujaza upya bunduki yake kila siku, wala hatendi kosa lolote. Sisi twapendekeza "kujaza maganda", na mtendaji awe "mjaza maganda". Kijazwacho kikitajwa, utata umekwisha.

Kuhusu kitu kizima, tusishindane na umma: umeamua kukiita risasi, na kiitwe hivyo. Kinachoruka kiwe "kichwa cha risasi", kama wasemavyo polisi katika taarifa zao. Neno la kale "kiasi", lililotokana na kupima baruti, ni zuri, ila limechelewa; nani leo atasikia "viasi vitano" akafikiria bunduki? "Fataki" lina taabu yake, kwani linatumika kwa milipuko ya sherehe, na matangazo ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 yalilifanya jina la mzee anayewaandama wasichana wa shule. Hata hivyo hatuoni sababu ya kulitupa na kutohoa jingine. Katika hati ya mashtaka, likiandikwa "fataki ya risasi", hapana hakimu atakayemdhania mzee huyo.