Zawadi Isiyouliza Alama

Kwenye harambee nyingi za makanisa yetu, jina hutangulia pesa. Iwe ni Ndithini, kule Masinga, Kaunti ya Machakos, ama mtaani Nairobi, mgeni wa heshima anasimama, MC anataja kiasi, makofi yanapigwa, na bahasha inapanda madhabahuni. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha pesa ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto. Swali lililobaki mezani ni hili: zawadi ni kwa faida ya nani, anayepokea ama anayetoa?

Ndiyo maana inafaa kuirudia A Small Act, filamu ya hali halisi ya Jennifer Arnold iliyotoka 2010. Hilde Back, mwalimu wa watoto wadogo huko Uswidi, anamlipia karo mtoto asiyemfahamu, Chris Mburu wa Mitahato, Kiambu. Mburu anasoma hadi Harvard, anakuwa wakili wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa, na 2001 anaanzisha mfuko wa kusomesha watoto maskini. Anaupa jina la Back kabla hata hawajaonana. Baadaye ndipo anajua kwamba mama huyu ni Myahudi aliyetoroka Ujerumani ya Wanazi akiwa msichana, na kwamba wazazi wake waliangamia kule.

Uzuri wa filamu ni kwamba Arnold hapigi kelele. Back anaonekana kushangaa kwa nini watu wanamfanyia sherehe. Alitoa, akaendelea na maisha yake. Hapo ndipo maneno ya Yesu kuhusu mkono wa kushoto na wa kulia yanapata mwili. Lakini tusimbatize Back kwa nguvu. Msamaria wa kwenye mfano naye hakuwa mtu wa kwetu, na Yesu hakumbadilisha dini ndipo amsifu.

Shida yangu iko kwingine. Sehemu kubwa ya filamu inawafuata wanafunzi watatu, Kimani, Ruth na Caroline, wakisubiri matokeo ya KCPE, kwa sababu mfuko unatafuta watoto werevu. Sawa, pesa haziwezi kutosha kila mtu, na lazima pawe na njia ya kuchagua. Lakini filamu inageuza mtihani kuwa mechi, nasi tunakaa tukishangilia alama. Polepole neema inakuwa zawadi ya wanaostahili. Kwenye mfano wa shamba la mizabibu, aliyefika jioni alilipwa sawa na aliyefika alfajiri, na wa asubuhi wakanung'unika. Si ajabu tukanung'unika nao.

Hebu tuulize wazi: kama Mburu angeishia kuwa fundi wa pikipiki pale Matuu, zawadi ya Back ingekuwa imepotea? Filamu haiwezi kujibu, kwa sababu fundi huyo hangetengenezewa filamu. Sisi pia tuna ugonjwa huo. Ushuhuda unaopewa maikrofoni kanisani ni wa aliyekuwa daktari, si wa aliyesomeshwa akarudi nyumbani kulima ndengu.

KCPE yenyewe imekwisha, ya mwisho ilifanywa 2023, ila kupima watoto kwa faida watakayoleta hakujakwisha. A Small Act inabaki kazi nzuri, itazameni. Lakini mkimaliza, mfikirie yule mtu wa Ndithini aliyelipiwa karo miaka minne, hakufika chuo, na leo anasoma mwenyewe lebo ya dawa ya mbuzi wake, anahesabu bei ya ndengu bila kudanganywa na broka, na mwisho wa muhula anamlipia mtoto wa jirani bila kumwambia mtu. Hiyo pia ni zawadi iliyodumu.