Mtu wa Kolo: Anatekwa au Amepandisha?

Mtu akitaka kuijua michoro ya miambani ya Tanzania, kitabu anachotajiwa kwanza ni Africa's Vanishing Art cha Mary Leakey, kilichotoka mwaka 1983. Kinastahili. Ila nadhani tunakiamini mahali pasipo pake: tunakichukua kama tafsiri, wakati nguvu yake iko kwenye kumbukumbu.

Tuanze na sifa. Mwaka 1951 Leakey alipiga kambi Kondoa akanakili kwa mkono takriban michoro 1,600. Baba yake alikuwa mchoraji, na jicho hilo linaonekana. Anakuonesha mitindo ya nywele, mavazi, hata ala za muziki, mambo ambayo mifupa na zana za mawe havikwambii. Rangi za miambani zinafifia. Nakala zake zipo.

Tatizo linaanza anapoeleza kinachotendeka. Hebu chukua mchoro maarufu wa Kolo: mtu wa katikati kashikwa mikono na watu wa pande zote mbili. Leakey aliona mwanamke anatekwa. Watafiti wa baadaye, wakifuata njia ya David Lewis-Williams aliyeisoma michoro ya kusini mwa Afrika kupitia ngoma za tiba za Wasan, waliona mtu aliyepandisha, wenziwe wamemshikilia. Wanaegemea ngoma ya simbo ya Wasandawe, wanaoishi jirani na Kondoa. Mikono ni ileile, hadithi mbili tofauti! Leakey aliuliza picha inaonesha nini. Hawa waliuliza watu walikuja pale kufanya nini.

Aliyekulia Pemba hulielewa haraka swali hilo la pili. Kwetu Fundo, kisiwa cha matumbawe mbele ya Wete, hakuna kuta za michoro kama za Kondoa. Lakini Mpemba anajua kuwa pango lenye mzimu lina wenyewe. Utakuta vitambaa, chetezo, harufu ya ubani. Ukivichora vyote kwa ustadi bila kuuliza nani kaweka na kwa shida gani, umetoka na orodha ya vitambaa tu.

Na Kolo matambiko hayajaisha. Watu bado huenda Mungomi wa Kolo kuomba mvua na uponyaji, na UNESCO ilipoiingiza Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 ilizitambua mila hizo. Tatizo, tambiko huenda na kumwaga pombe, na wahifadhi wanaihofia rangi. Ukiuona mwamba kama ukuta wa picha tu, mganga ni mharibifu. Ukiuona kama pahala pa ibada, naye ni sehemu ya urithi. Kwa hiyo tafsiri inaamua nani aruhusiwe kupita.

Tusirukie upande wa pili, lakini. Wanaotambika leo si lazima wawe wazao wa wachoraji. Michoro myeupe ya baadaye huhusishwa na wakulima, ile myekundu ya kale na wawindaji. Simbo inaweza kufungua mlango wa baadhi ya michoro. Haiwezi kuwa ufunguo wa yote. Twiga mwingine huenda ni twiga tu.

Mkikipata maktaba, kisomeni. Funikeni maelezo kwa kiganja kwanza, mtazame nakala, mjiulize wale watu walikuwa na haja gani. Kisha ondoeni mkono mlinganishe na Leakey.