Mzazi Mwenye Mali Chache

Chukua ramani ya mashamba ya chai ya Sotik inayochorwa na kompyuta. Barabara ya Kericho kwenda Kisii ni mstari uliopindapinda, vituo vya kununulia majani ni viduara, na shamba la kila mkulima ni poligoni yenye pembe ambazo hakuna mwalimu wa hesabu angezichagua. Mwanagenzi ataandika: kama ni duara fanya hivi, kama ni mstari fanya vile, na hizo “kama” zitatapakaa kila faili. Fundi huandika kwanza klasi, yaani kiolezo cha vitu vya aina moja, iitwayo Umbo, yenye ahadi moja tu: chora. Duara, Mstari na Poligoni huirithi, kila moja ikitimiza ahadi kwa njia yake. Ramani hupitia orodha ikiamuru chora, chora, chora, bila kuuliza nani ni nani. Kesho ikihitajika pembetatu ya kuonyesha kiwanda, huongezwa klasi moja, na ile amri ya kuchora haiguswi.

Ufundi huu una wenyewe. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa MIT alionyesha Sketchpad, programu ambayo mchoro mama ukibadilishwa, nakala zake zote hubadilika. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwei ndio waliotia klasi na urithi katika lugha ya Simula 67. Mwaka 2001 wakapewa Tuzo ya Turing.

Utamu wa kazi, na ugumu wake, ni kuamua mzazi, yaani klasi inayorithiwa, amiliki nini. Rangi na mahali, sawa. Eneo je? Shamba lina eneo, lakini barabara iliyochorwa kama mstari haina. Ukiliweka eneo kwenye Umbo, Mstari utalazimika kujibu sifuri, jibu la kukwepa swali. Fundi hodari huzaa klasi ya kati, UmboFunge, akaliweka eneo humo.

Halafu kuna mraba. Wanahesabu husema mraba ni mstatili, na ni kweli, basi tunaurithisha bila wasiwasi. Mwenye kipande cha mita 20 kwa 20 ananunua ukanda wa jirani, upana unafika 30. Programu, ikidhani imeshika mstatili wa kawaida, inatia upana 30, kisha urefu 20, na kutarajia mita za mraba 600. Mraba, kwa kulinda usawa wa pande zake, umebadilisha zote mbili kila mara: jibu ni 400. Kwenye ramani ya ardhi, hiyo ni kesi. Mwaka 1987 Barbara Liskov alieleza kipimo ninachokiona bora kuliko vyote katika fani hii: mtoto akae mahali pa mzazi na programu isione tofauti. Mraba wetu unaanguka hapo, hata kama jiometri inautetea.

Wengine huzidi kuzaa: DuaraKijani, DuaraJekundu, DuaraJekunduLenyeKivuli. Mchai usiopogolewa hukua ukawa mti ambao mchumaji haufikii, na ukoo wa klasi ni vivyo hivyo. Gamma, Helm, Johnson na Vlissides walishauri katika kitabu chao cha 1994 kwamba kuunganisha vitu kutangulizwe mbele ya kurithi; basi rangi iwe kitu ambacho Duara linakishika. Kwa ramani ya Sotik ngazi tatu zinatosha: Umbo, UmboFunge, kisha maumbo yenyewe. Anayetaka ya nne atuonyeshe kwanza shamba linaloidai.