Gesi ya Yai Viza Ndani ya Kidonge cha Maumivu

Anayemeza naproksini kila siku kwa ajili ya baridi yabisi hupata nafuu ya viungo, lakini tumbo huweza kuumia. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya kiitwacho COX kisitengeneze prostaglandini, zile kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Lakini prostaglandini hizohizo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Zikikosekana, vidonda huweza kutokea.

John Wallace na wenzake nchini Kanada waliacha makali ya dawa kama yalivyo, wakaiongezea mlinzi. Molekuli ya naproksini waliiunganisha na kipande kinachoachia haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo ikizidi huua, kwani huzuia seli kutumia oksijeni kama ifanyavyo sayanidi. Hata hivyo mwili wenyewe huitengeneza kwa kiasi kidogo; mwaka 1996 Abe na Kimura walieleza kwamba huenda inafanya kazi ya kupeleka ishara katika ubongo. Tumboni hulegeza mishipa ya damu na kuzuia seli nyeupe zisigande kwenye kuta zake. Kwa maneno mengine, inashika zamu ya prostaglandini zilizozuiwa.

Dawa hiyo iliyounganishwa, ATB-346, ilijaribiwa kwa watu 244 wenye afya kwa wiki mbili, kisha matumbo yao yakachunguzwa kwa kamera. Waliotumia naproksini ya kawaida, asilimia 42.1 walipata vidonda. Wa ATB-346 walikuwa asilimia 2.5 tu. Ninachokithamini zaidi ni kipimo cha pili: watafiti walipima pia damu, wakakuta COX imezuiwa kwa kiwango kinacholingana katika makundi yote mawili. Bila hicho, mtu angeweza kudai kwamba tumbo limesalimika kwa sababu dawa ni dhaifu.

Kasoro ilijitokeza kwenye ini. Katika jaribio la baadaye, vimeng'enya vya ini vilipanda kwa baadhi ya washiriki. Kampuni iliyokuwa ikiiendeleza dawa hiyo ikageukia maumivu ya muda mfupi, na mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ikasimamisha jaribio lililopangwa. Sioni sababu ya kuitupia gesi lawama mapema. Kipande kinachoibeba kinapaswa kupimwa peke yake, na kwa muda unaozidi wiki mbili, kabla ya kuunganishwa na dawa nyingine yoyote.